Namba Hii Iliitikiwa Lini Mara ya Mwisho?

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma msimbo wa programu za zamani kama wengine wanavyosoma magazeti ya zamani, na iliyonikalisha kuliko zote ni programu ndogo isiyo na picha wala madoido, ambayo kazi yake ni kutunza orodha ya BBS, yaani zile mbao za matangazo za kompyuta zilizofikiwa kwa kupigiwa simu kupitia modemu, kifaa kinachopitisha data za kompyuta kwenye waya wa simu, na kumwezesha mtu kutafuta ndani ya orodha hiyo. Inaitwa Synchronet BBS List, kwa kifupi SBL. Iliandikwa na Mmarekani Rob Swindell, ambaye ndiye pia mwandishi wa Synchronet yenyewe, programu ya kuendeshea BBS iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambayo mpaka leo inaendelea kutunzwa. Sehemu ya kutafuta ndani ya SBL ni fupi na nyepesi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuiandika. Akili nyingi ya programu hiyo imewekwa kwingine: katika suala la nani aliipiga namba hii, lini, na kama iliitikiwa.

Msomaji aliyeikuta intaneti tayari ipo kwenye simu yake anahitaji kwanza kujua ugumu ulikuwa wapi. BBS ya kwanza ya umma, CBBS, ilianza kupokea simu mjini Chicago tarehe 16 Februari 1978, baada ya Ward Christensen na Randy Suess kuanza kuijenga wakati theluji kubwa ya Januari ilipowafungia watu majumbani. Ilikuwa kompyuta moja yenye modemu moja ya biti 300 kwa sekunde na laini moja ya simu. Mtu mmoja aliingia, akasoma ujumbe, akaacha wake na kukata simu, ndipo mwingine apate nafasi. Maelfu ya BBS zilizofuata zilijengwa kwa mtindo huo huo, nyingi zikiwa katika vyumba vya kulala na vyumba vya chini vya nyumba za watu binafsi, na hapakuwa na chochote kilichoziunganisha. Namba ya simu ndiyo iliyokuwa anwani yake yote, na asiyekuwa na namba hakuwa na namna ya kujua kwamba BBS hiyo ipo, hata kama ilikuwa nyumba ya pili kutoka kwake.

Kwa hiyo orodha zilizaliwa karibu sambamba na BBS zenyewe. Mwendeshaji aliweka faili ya maandishi yenye namba za wenzake, mgeni akaipakua, akaenda kuipakia kwenye BBS nyingine akiwa ameongeza namba mbili tatu anazozijua, na faili ikaendelea na safari yake ikibeba nyongeza za kila aliyeigusa pamoja na makosa yake. Majarida kama Computer Shopper na Boardwatch, ambalo Jack Rickard alilianzisha mwaka 1987, yalichapa orodha hizo kwenye karatasi, na kwa kuwa jarida huchukua wiki kadhaa kufika dukani, sehemu ya namba zake zilikuwa zimeshakufa kabla wino haujakauka.

Kutafuta ndani ya orodha kulihitajika kwa sababu ya pesa zaidi kuliko sababu nyingine yoyote. Kwa biti 300 kwa sekunde, modemu ilileta herufi zipatazo 30 kila sekunde. Orodha ya BBS 500, kila moja ikiwa na mstari wa herufi 80, ni herufi 40,000, nazo zingechukua zaidi ya dakika 22 kupita kwenye waya, huku laini ikiwa imeshikwa na wengine wakisikia mlio wa simu inayotumika. Mpigaji hakuwa na haja ya BBS 500. Sehemu nyingi za Marekani simu za mtaani zilikuwa ndani ya malipo ya kawaida ya mwezi, ilhali za mbali zilitozwa kwa dakika, na ndiyo maana chujio la kwanza katika programu hizi lilikuwa tarakimu tatu za mwanzo za namba, zinazoonyesha eneo. Baada ya hapo ndipo mtu aliuliza kuhusu mwendo wa modemu, mitandao ya ujumbe iliyopo, na kama kuna kitu cha maana cha kupakua.

Rekodi moja ya SBL inaonyesha jinsi mwandishi wake alivyowajua watumiaji wake. Kuna jina la BBS, majina ya waendeshaji, mahali ilipo, na orodha ya namba, ambapo kila namba ina mwendo wa chini na mwendo wa juu unaokubaliwa na modemu yake, kwa maana BBS kubwa zilikuwa na laini kadhaa zenye modemu za rika tofauti. Kuna mitandao iliyojiunga nayo na anwani zake humo, aina za skrini inazoziweza, programu inayotumia, ukubwa wa hifadhi kwa megabaiti, idadi ya ujumbe na ya faili, na nafasi ya maelezo ya mistari mitano, ambayo kwa desturi wenye BBS waliijaza majigambo. Mwishoni kuna sehemu ambazo wachapaji wa majarida hawakuwa na nafasi nazo: nani aliingiza rekodi hii na tarehe gani, nani aliibadilisha mara ya mwisho na lini, na nani aliihakiki na lini.

Mtu aliyeingiza BBS fulani kwenye orodha anaweza kuwa mwenye nayo, shabiki wake, au mzushi tu. Akija mtu mwingine, akapiga namba ile na kupokelewa, anarudi kwenye orodha na kuithibitisha, jina lake na tarehe vikabaki humo. Hakuna aliyelipwa kufanya hivyo, na tarehe ya uhakiki haisemi kwamba BBS ni nzuri. Inasema tu kwamba siku hiyo kulikuwa na kompyuta upande wa pili wa waya. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ndogo ina thamani kuliko mistari yote mitano ya maelezo. Rekodi iliyohakikiwa wiki iliyopita na ile iliyohakikiwa miaka mitatu iliyopita zinafanana kabisa kwenye skrini mpaka utazame tarehe, na orodha isiyo na tarehe hukulazimisha uziamini zote kwa usawa.

SBL ilikwenda hatua nyingine, nayo ni kugawana orodha. BBS iliyotumia Synchronet iliweza kutoa rekodi zake zilizobadilika, kuzigeuza kuwa ujumbe, na kuzituma katika eneo maalumu la mtandao wa ujumbe kama DOVE-Net, ambapo BBS nyingine zilizisoma na kuziingiza kwenye orodha zao usiku bila mtu kugusa chochote. Rekodi iliyofika kwa njia hiyo iliwekewa alama kwamba ilitoka nje, pamoja na tarehe ya kuingizwa. Ni jambo dogo, lakini bila alama hiyo mwendeshaji wa Texas asingeweza kutofautisha BBS aliyoiandika yeye mwenyewe na ile aliyoisikia kwa jirani wa jirani, na siku ya kusafisha orodha angefuta za kwake na kuacha uvumi.

Namba iliyokufa haikuwa tatizo la mpigaji peke yake. Kampuni ya simu hurudisha namba sokoni. BBS ikifungwa, baada ya muda namba yake hupewa familia, duka la maua au ofisi ya daktari, na kuanzia hapo kila nakala ya orodha ile inakuwa chanzo cha simu za usiku wa manane, ambazo aliyeziitikia alisikia ama kimya ama mlio mkali masikioni. Modemu haiombi radhi. Ilipangiwa kujaribu tena ikishindwa, nayo ilijaribu tena.

FidoNet, mtandao wa BBS zilizopigiana simu zenyewe ili kupeana barua, ililijua jambo hili mapema kuliko wengine, kwa kuwa kwake mpigaji hakuwa mtu. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco, akishirikiana na John Madill wa Baltimore, alizifanya BBS mbili zipigiane simu usiku, wakati bei iko chini, na kupeana barua. Jaribio hilo likakua, na orodha ya namba ambayo Jennings aliitunza mwenyewe ikaanza kumzidi. Simulizi za mwanzo za mtandao huo zinataja namba iliyokosewa kwenye orodha, na mtu asiyehusika kabisa akawa anaamshwa usiku na kompyuta za watu asiowajua. Haikuchukua muda Jennings akakabidhi utunzaji wa orodha kwa kundi la waendeshaji wa St. Louis, wakiwemo Ken Kaplan na Ben Baker, na Juni 1985 mtandao ukagawanywa katika mitandao midogo ili kila eneo litunze kipande chake.

Orodha hiyo, iliyoitwa nodelist, ni saraka bora kuliko zote nilizozisoma za wakati huo, ingawa kwa sura ni faili ya maandishi isiyovutia hata kidogo. Kila kituo kilipata mstari mmoja, sehemu zake zikitenganishwa kwa mkato na nafasi tupu zikijazwa kistari cha chini: hali ya kituo, namba yake ndani ya mtandao, jina, mji, mwendeshaji, simu, mwendo, na alama za uwezo wake. Programu ya Baker, MAKENL, ilikusanya vipande kutoka kwa waratibu wa chini, ikakagua kama vimeandikwa sawasawa, na kuviunganisha kupanda juu mpaka ngazi ya kanda. Toleo jipya lilitoka kila Ijumaa, jina la faili likimalizikia kwa namba ya siku hiyo katika mwaka, na mstari wa kwanza ukiwa na hesabu ya kuhakikisha kwamba faili haikuharibika njiani.

Kwa kuwa katikati ya miaka ya 1990 vituo vilizidi 30,000, kuituma faili nzima kila wiki kungekuwa wendawazimu. Orodha yenye megabaiti tatu, ikipita kwenye modemu ya biti 2,400, ingechukua karibu saa tatu na nusu. Kilichotumwa ni faili ya tofauti peke yake, yenye amri za aina tatu: nakili mistari kadhaa kutoka orodha ya wiki iliyopita, futa mistari kadhaa, ongeza mistari ifuatayo. Anayefanya kazi na mifumo ya leo ya kutunza matoleo ya msimbo atalitambua wazo hilo mara moja.

Faili ikishatengenezwa upya, programu nyingine iliigeuza kuwa faharasa. Katika muundo ulioenea sana, ulioitwa toleo la 7, kulikuwa na faharasa mbili: moja ya anwani za vituo na nyingine ya majina ya waendeshaji, iliyopangwa kwa jina la ukoo kwanza. Programu ilichukulia kuwa neno la mwisho ndilo la ukoo. Kwa mtu wa kwetu, ambaye baada ya jina lake hufuata la baba na pengine la babu, maana yake ni kwamba ulitafutwa kwa jina la mzee aliyekwisha kuzikwa, ukiwa wewe mwenyewe umeketi mbele ya modemu.

Uhakiki wa FidoNet haukutegemea hisani ya wapita njia. Kwa mujibu wa kanuni zake za mwaka 1989, aliyetaka kuingizwa kwenye orodha alipaswa kutuma ombi lake kwa njia ya FidoNet yenyewe, akitumia anwani ya muda. Kama mashine yake haikuweza kupeleka ombi, basi haikuwa tayari kuorodheshwa. Kituo kilichopotea hewani kiliweza kuwekewa alama ya kuwa chini kwa muda usiozidi wiki mbili, baada ya hapo mstari wake unafutwa. Zaidi ya hayo kila kanda ilikuwa na saa moja ya usiku ambayo kila kituo kilipaswa kuacha kupokea watu na kusubiri simu za mashine. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na FidoNet iligundua kwamba daftari nalo linahitaji mtu wa kuligongea mlango kila usiku. Orodha haikuchakaa haraka kwa sababu mtandao ulikuwa unaitumia: namba mbovu ilimaanisha barua iliyokwama, na barua iliyokwama ilimfanya mtu alalamike.

Afrika ilikuwa kanda ya 5, na saa yake ya barua ilianza saa 7 usiku kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa 10 alfajiri. Kabla intaneti haijafika kwa maana tunayoijua, barua pepe ya mashirika mengi ya eneo letu ilipita humo. Nairobi kulikuwa na kituo cha ELCI, shirika la mazingira lililohudumia asasi za kiraia. Dar es Salaam kulikuwa na HealthNet pale Muhimbili, chini ya mpango wa SatelLife wa Marekani uliowapelekea madaktari majarida na ushauri. London kulikuwa na GreenNet, ambayo lango lake la FidoNet lilitunzwa na Karen Banks tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuunganisha vituo vingi vya Afrika na dunia. Vituo hivyo vilikuwa vichache, na uchache huo ndio uliofanya usahihi wa mstari mmoja uwe na uzito. Mjini Chicago namba ikikosewa kuna BBS nyingine kwenye mtaa unaofuata, lakini ukikosea mstari mmoja wa Nairobi umekata shingo ya chupa ambayo barua za asasi nyingi zinapitia, na kila jaribio la kupiga tena linatozwa kwa bei ya simu ya kimataifa.

Kwa msomaji wa nje ya Marekani, namba iliyo sahihi kwenye orodha bado haikuwa namba ya kupiga. Nodelist iliandika kila simu kwa msimbo wa nchi kwanza, 254 kwa Kenya au 44 kwa Uingereza, na programu ya kutengeneza faharasa ilikuwa na jedwali la kubadilisha: namba za nchi yako zikatwe msimbo na kuanziwa na sifuri, nyingine zote ziongezewe tarakimu za kutokea nje. Programu nyingi za Kimarekani za orodha za BBS, kinyume chake, zilipanga nafasi ya tarakimu kumi tu zenye vistari viwili kati yake. Synchronet yenyewe humuuliza mgeni kama anapiga kutoka Amerika ya Kaskazini kabla haijaamua namna ya kuisoma namba yake, swali ambalo kwa kulitazama tu unajua kuna mtu wa Ulaya aliwahi kulalamika.

Halafu mashirika ya simu yakaanza kubadilisha namba zenyewe. Novemba 1989 vitongoji vya Chicago vilitolewa kwenye namba ya eneo 312 na kupewa 708. Januari 1995 Marekani ikaanza kutoa namba za maeneo ambazo tarakimu yake ya katikati si 0 wala 1, na programu zilizokuwa zimefundishwa kwamba namba za namna hiyo haziwezekani zikazikataa kama makosa ya uchapaji. Uingereza iliingiza tarakimu ya 1 kwenye karibu namba zake zote za maeneo tarehe 16 Aprili 1995, na Ufaransa ikahamia tarakimu kumi Oktoba 1996. Sisi nasi Dar es Salaam tulitoka 051 kwenda 022. Hakuna BBS iliyohama, hakuna aliyefunga, na bado maelfu ya rekodi yakawa ya uongo kwa siku moja. Hapo ndipo ilipodhihirika tofauti kati ya orodha iliyotunza namba kama kamba ya herufi na ile iliyotunza nchi, eneo na namba kila kimoja mahali pake. Ya pili ilirekebishwa kwa amri moja, ilhali ya kwanza ilihitaji mtu mwenye subira.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja simu zilipoachwa kabisa. BBS zilizosalia zilihamia intaneti, zikifikiwa kwa Telnet, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia intaneti, na SBL ikalazimika kubeba anwani za intaneti katika rekodi zilizoumbwa kwa ajili ya modemu. Swindell hakuuvunja muundo wa faili. Aliamua kwamba pale mwendo wa chini wa modemu unapoandikwa 65,535, thamani kubwa kuliko zote inayoingia katika nafasi hiyo na ambayo hakuna modemu inayoitumia kama mwendo wa chini, basi rekodi hiyo ni ya Telnet, na nafasi ya mwendo wa juu isomwe kama namba ya poti, yaani mlango wa kuingilia kwenye kompyuta hiyo. Wapo watakaoliita hilo kiraka. Mimi naliona ni adabu kwa waendeshaji waliokuwa na faili za miaka mingi na ambao asubuhi moja wangelazimika kuzitupa.

Kuhakiki kwenye intaneti ni rahisi mno kiasi cha kutia shaka. Programu iliyochukua nafasi ya SBL inajaribu yenyewe kujiunganisha na kila anwani na kuandika tarehe, bila gharama na bila kumwamsha mtu. Ila poti iliyofunguka si lazima iwe BBS. Yaweza kuwa ruta ya mtu aliyenunua jina la kikoa lililoachwa. Yule aliyepiga kwa modemu, akaona jina la BBS likitokea kwenye skrini na ndipo akathibitisha, alikuwa shahidi wa jambo kubwa kidogo kuliko hilo.

Kuna orodha moja ambayo kanuni hizi zote haziigusi, nayo ni ile ya kihistoria ya Jason Scott kwenye textfiles.com, yenye majina zaidi ya 100,000 ya BBS zilizowahi kuwepo, yakiwa yamepangwa kwa namba za maeneo na kukusanywa kutoka kwenye faili zile zile za zamani zilizozurura na makosa yake. Karibu zote humo ni maiti, na hilo ndilo kusudi lake. FidoNet ingefuta mistari hiyo baada ya wiki mbili, kwa haki kabisa. Nikipitia kurasa zake huona jinsi tarehe za uhakiki ambazo waendeshaji wa SBL walizihitaji ili wajue wafute nini zingekuwa leo ushahidi pekee wa lini BBS fulani ilipumua mara ya mwisho. Nyingi za orodha zilizotumika kuijenga hazikuwa na tarehe hizo, na kwa sababu hiyo BBS nyingi humo zina mwaka mmoja tu wa kukisiwa, ule wa faili ya kwanza zilimoonekana.